Saa ya NCAA haimsubiri kijana: ufadhili wa michezo vyuo vya Marekani, kwa tulio nje

Matokeo ya fomu foo yakitoka tu, simu kutoka Unguja na Pemba zinaanza: mtoto mpira anaujua, na wewe ami yake uko hukohuko Marekani, mtafutie chuo. Zinafuata picha ya jezi na video ya sekunde 15 kwenye WhatsApp, bas. Wazee wanadhani chuo ni kama klabu, kwamba kocha akiupenda mguu mambo yamekwisha. Kumbe akiupenda ndiyo kwanza mafaili yanafunguliwa, na mara nyingi kufikia hapo kijana keshajiharibia mwenyewe pasi na kujua.

Kinachomharibia ni saa. Katika Daraja la Kwanza, la juu kabisa, la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ikifika tarehe ambayo wanafunzi wa nchi yake humaliza sekondari, kijana hupewa mwaka mmoja wa kujipanga. Wa tenisi miezi 6. Baada ya hapo, kila mwaka anaoshiriki mashindano kabla ya kuingia chuoni unamla msimu mmoja katika minne aliyonayo, na akifika hukalishwa mwaka mzima wa masomo bila kucheza mechi. Mwongozo wa kimataifa wa NCAA una ukurasa wa kila nchi. Soma toleo la mwaka anaoingia, ujue wanahesabu kuanzia cheti cha fomu foo au cha fomu siksi, kwa sababu hapo katikati ipo miaka miwili na zaidi. Mpaka upate jibu lao kwa maandishi, hesabu fomu foo. Aliyemaliza Novemba 2023, akabaki mtaani anacheza huku "tunamtafutia", akaja kuingia Agosti 2026, kwa hesabu hiyo misimu miwili imekwenda. Kocha gani atatoa pesa kwa mchezaji wa misimu miwili, tena anayeanza na mwaka wa kukaa benchi?

Na mashindano yenyewe si yale tunayoyajua sisi. Kwetu ukisema mashindano rasmi mtu anafikiria ligi ya ZFF. Kwa NCAA ni mchezo wowote wenye ratiba iliyopangwa mapema, au matokeo yanayowekwa, au msimamo, au refa, au kiingilio, au jezi za timu, au mdhamini. Moja tu kati ya hayo linatosha. Kwa hiyo bonanza la mtaani limo, na kikombe cha Ramadhani chenye mbuzi wa zawadi kimo. Mazoezi hayali msimu, mechi ndiyo inayokula. Narudia, maana hili wazee hawalisikii: kijana akishamaliza skuli na safari haijaiva, afanye mazoezi, asicheze mechi ovyo. Wala asiambiwe "cheza tu usipoteze fomu". Fomu inarudi kwa wiki sita, msimu haurudi.

Baya zaidi ni kusajiliwa. Klabu zetu nyingi kubwa ni za vikosi vya serikali, KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ, na kwa familia nyingi kijana kuchukuliwa na kikosi ni ajira, jambo la kushukuru. Hakuna wa kumlaumu mzazi. Lakini mshahara unaotokana na mpira, au mkataba wenye saini yake, unaingia kwenye faili la uridhaa, lile la kuthibitisha kwamba si mchezaji wa kulipwa, na ataulizwa mechi ngapi, shilingi ngapi, nani kalipa. Siku hizi wapo wachezaji waliolipwa makwao na bado wakapitishwa, ila kila faili hutazamwa peke yake. Familia ichague mapema, kikosi au chuo. Na asifiche, kwa kuwa picha za mechi ziko Facebook na makocha wanajua kutafuta.

Kuna na ule "umri wa mpira". Kijana kasajiliwa timu ya watoto kwa mwaka wa kuzaliwa usio wake, na pasipoti inasema mwingine. Karatasi mbili zikipishana, faili linasimama. Hakikisheni cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA, pasipoti na usajili wa klabu vina majina matatu yaleyale kwa herufi zilezile na tarehe moja.

Masomo nayo yanahesabiwa. Daraja la Kwanza linataka masomo 16 ya msingi: Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, moja la ziada katika Kiingereza, hesabu au sayansi, na 4 mengine, kwa wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.3 kati ya 4, Daraja la Pili 2.2. Somo la dini linalofundisha imani ya dini moja halimo, hata kama kijana kapata A. Wekeni ripoti za skuli za kila mwaka kuanzia fomu wani, si cheti pekee. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo, haitakiwi tena na NCAA tangu 2023, lakini vyuo vingine bado vinaitaka. Mtihani wa Kiingereza, TOEFL, IELTS au Duolingo, haukwepeki kwa vyuo vingi. Akaunti ya NCAA kwa mwanafunzi wa nje inapita dola 150 na hulipwa kwao moja kwa moja.

Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo, wala vyuo vya Ivy League, vile vinane vya zamani kama Harvard na Yale. NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, wanatoa, na vyuo vya miaka miwili vya NJCAA pia. Huko ndiko wengi wa kwetu wangepata nafasi kama wasingeng'ang'ania majina ya kwenye televisheni.

Sasa mawakala. Anayetoza ada ya kiasi kilichopangwa kwa kutuma video, hiyo ni biashara yake. Anayetaka asilimia ya ufadhili, mkimbieni: kanuni za NCAA zinakataza malipo yanayotegemea kupatikana kwa ufadhili, na atakayeponzwa ni kijana, si wakala. Akikuletea ile barua maarufu ya National Letter of Intent aisaini, jua umekwisha: NCAA iliifuta Oktoba 2024, na siku hizi ni makubaliano ya ufadhili yanayotoka chuoni kwenyewe.

Kuandika kwa kocha hakuhitaji wakala. Barua pepe zimo kwenye tovuti ya michezo ya kila chuo. Waandikieni na makocha wasaidizi, maana wao ndio wanaosoma. Video ya dakika 3 hadi 5, mazuri mwanzoni, mshale juu ya kijana, na mechi moja nzima pembeni. Mkimbiaji aseme muda ulipimwa kwa mashine au kwa mkono, kwani wa mkono huongezewa sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200. Na mzoee adabu ya Wamarekani. "Looks great!" ya kocha ni salamu tu, asipouliza alama za darasani wala mwaka wa kumaliza, hana haja naye. Hawa watu hawasemi "hapana" usoni, wanakuachia uikisie mwenyewe.

Ufadhili kamili ni nadra. Hadi 2025, timu ya soka ya wanaume Daraja la Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 9.9 wa kugawana vijana karibu 30. Asilimia 60 kwenye chuo cha dola 50,000 inabakisha dola 20,000, na chuo kitataka kuona taarifa ya benki kabla ya kutoa I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza. Hapo ndipo unapoombwa wewe usaini kama mdhamini wake. Kuazimana pesa zilale benki wiki moja hakusaidii, pengo lile linarudi mwakani, na mwaka wa tatu, na wa nne. Usitegemee pesa za NIL pia, zile za mchezaji kulipwa kwa jina na sura yake kutumika kwenye matangazo. Viza ya F-1, ile ya masomo, haimruhusu mwanafunzi kufanya kazi hovyo.

Viza yenyewe: ada ya SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, maombi dola 185, mahojiano Dar es Salaam. Lakini tangazo la Marekani la Disemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye nchi zilizowekewa kizuizi kuanzia 1 Januari 2026, na viza za F zimo. Angalieni hali yake kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote. Chuo kinaweza kumsogezea nafasi muhula mwingine. Saa ya NCAA haisogezwi kwa hilo, kwa hiyo anayesubiri viza asubiri nje ya uwanja.

Akifika, mabweni mengi hufungwa likizo ya Disemba na mwanafunzi hutakiwa kutoka. Hapo hataambiwa na kocha pa kwenda. Mpe anwani yako tangu Agosti, na chumba kiwepo.