Msambu Dume Usikatwe: Ushauri kwa Waokota Mbegu wa Usambara Mashariki

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, msambu, mti wa msituni ambao mbegu zake hutoa mafuta, usipozaa huitwa tasa. Mwenye iliki akihitaji mwanga, au fundi akitafuta mbao, huo ndio wa kwanza kupigwa shoka. Ndugu zangu, mti huo si tasa. Msambu una miti dume na miti jike, kila mmoja na shina lake, na jike asipopata chavua ya dume hazai. Ukimaliza madume ya mlima wako, umejikatia mavuno ya majike yote yaliyobaki.

Kabla ya kukata mti wowote shambani, subiri utoe maua, kisha okota yaliyoanguka uyapasue kwa kidole. Ua la jike lina kitumba katikati, ndilo tunda changa lenyewe. La dume limejaa vishada vya chavua bila kitumba. Mti wa dume utie alama ya rangi, na watoto waambiwe kwa nini umeachwa.

Nasisitiza hili kwa sababu msambu wetu haupatikani kwingine duniani ila katika Milima ya Tao la Mashariki hapa Tanzania. Wazee wa Kisambaa waliyajua mafuta yake kwa kupikia na kuchulia viungo vinavyouma. Leo viwanda vinayataka kwa sababu huganda yenyewe kwenye joto la kawaida, na Umoja wa Ulaya umeyaruhusu katika siagi za kupaka. Soko likija, pupa nayo huja.

Tunda la msambu linaweza kufikia kilo kadhaa, nalo likikomaa huanguka lenyewe. Basi okota ya chini tu. Kupanda na kutikisa matawi hushusha matunda mabichi, na mbegu zake hazina mafuta ya kutosha. Vilevile usifagie chini ya mti ukabakiza majani matupu. Panya buku huchukua mbegu na kuzifukia huku na huko, na zile anazozisahau ndizo humea. Kila mti uachie matunda kadhaa, hasa yaliyo mbali na njia.

Yaliyookotwa yalundike kivulini na kuyafunika kwa majani mpaka ganda lilainike. Hapo utaliponda kwa mikono. Ndani kuna ute mzito unaoshikilia mbegu. Zisugue moja moja mpaka ute utoke, kwa maana ute ukibaki mbegu huota ukungu hata kabla hazijafika kwenye gunia.

Kukausha ndiko kunakowaangusha wengi, maana ukungu wa hewani hapa Amani hauna huruma. Usianike chini. Tengeneza kichanja cha fito chenye wavu, kifike kiunoni, na karatasi ya nailoni ya kufunika mvua ikianza. Tandaza mbegu safu moja, zigeuze kila siku. Usizikaushe juu ya mafiga, kwani moshi huacha harufu kwenye mafuta. Ziko tayari ukizitikisa kiganjani na zikagongana kwa mlio mkavu. Mbegu mbichi ikiingizwa kwenye gunia lenye kavu huliharibu gunia zima, na mnunuzi akikataa mara moja kijiji kizima hupata jina baya.

Kuhusu mipaka: hifadhi hii, yenye hekta 8,380, ilitangazwa mwaka 1997. Msambu wa shambani kwako okota bila wasiwasi. Ule ulio ndani ya hifadhi una utaratibu wake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo pitia kamati ya mazingira ya kijiji na ofisi ya hifadhi kabla ya kuingia. Kamati ikiomba kibali kwa kikundi kizima, na kila mwokotaji akajulikana kwa jina, mgeni anayeingia usiku na panga atatambulika upesi.

Na pandeni. Mbegu ya msambu hukaa miezi mingi ardhini kabla ya kuota, na mche wake huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kuzaa, nawe hujui ni dume au jike. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo (kijitawi) cha mti mkubwa, huzaa mapema zaidi, na jinsia yake unaijua tangu siku ya kuchukua kikonyo. Vikonyo vingi vitoke kwenye majike yanayozaa sana, na vichache kwenye madume. Ipandeni katikati ya iliki, nayo iliki hupendana na kivuli cha msambu.