Mtoto wa marehemu dada: kumtoa Lubumbashi, kumzoesha Kanada

Usiku wa tatu wa matanga, kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, wazee walikuwa wakigawana mizigo: nani atamaliza deni la jeneza, nani atabaki na nkambo (bibi), nani atachukua mtoto. Mimi nilikuwa kwenye simu, Winnipeg, saa saba mchana kwangu, sauti zikikatikakatika. Nikamsikia mjomba akisema, "Mutoto ni wa mama mudogo wake wa Kanada." Watu wakaitika. Kwa familia, shauri lilikuwa limekwisha. Kwa karatasi, lilichukua miaka miwili na miezi minne.

Tangu binti huyo afike kwangu, watu wa nyumbani hunipigia na swali lilelile: "Yaya (dada mkubwa), adoption inafanywa namna gani?" Jibu langu la kwanza huwashangaza. Huenda huhitaji kuasili kabisa, na ukianza na mlango huo unaweza kupoteza mwaka mzima.

Mlango upi?

Kanada ina njia inayoruhusu raia au mkazi wa kudumu kumdhamini ndugu yatima: mdogo wako, mpwa au mjukuu. Masharti yake ni makali lakini yanaeleweka. Awe wa damu yako au aliyeasiliwa katika ukoo wako, awe chini ya miaka 18, asiwe na mume au mke, na baba na mama wote wawili wawe wamefariki. Neno hilo "wamefariki" usilipite haraka. Baba aliyekwenda kuchimba Kolwezi miaka sita iliyopita na simu yake haiingii si marehemu. Mama aliyemwacha mtoto kwa bibi akaolewa Likasi si marehemu. Kwa kesi kama hizo njia hii imefungwa. Inabaki kuomba kwa sababu za kibinadamu, na hapo tafuta mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, usimtegemee shemeji anayejua kompyuta. Jua pia kwamba utaulizwa kipato chako, tofauti na mtu anayemleta mtoto aliyemzaa mwenyewe, na nje ya Quebec utajifunga kumtunza mpwa huyo kwa miaka 10.

Na kwa nini isiwe adoption? Kwa sababu sheria mbili zinagongana, na wengi hulijua hilo baada ya kupata hukumu. Code de la famille, sheria ya familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inasema mtoto aliyeasiliwa anapata wazazi wapya lakini anabaki na uhusiano na familia aliyotoka. Kwetu ni jambo la kawaida. Nani angetaka mtoto asiwe tena wa ukoo wake? Lakini kanuni za uhamiaji za Kanada zinatambua adoption ile tu iliyokata uhusiano wa kisheria na wazazi wa mwanzo. Basi unaweza kuwa na hukumu halali ya Lubumbashi, yenye mihuri yote, na ofisa akakuambia haitoshi. Ukiamua kupita njia hiyo hata hivyo, anza na ofisi ya adoption ya mkoa unaoishi kabla hujalipa hata shilingi moja nyumbani, kwa maana barua ya mkoa itatakiwa.

Walioko kwingine wana mambo yao. Ubelgiji, unapita kwanza mafunzo ya maandalizi, kisha mahakama ya familia inaamua kama unafaa, yote hayo kabla ya hatua ya Kongo. Ufaransa, sheria ya Februari 2022 imezuia mtu kwenda kuasili nje kivyake. Lazima apite kwenye chombo kilichoidhinishwa. Marekani, kwa njia ya yatima, ombi la mtoto liwe limeingia kabla hajatimiza miaka 16, na kwa miaka mingi sasa serikali yao imewashauri raia wasianze maombi mapya Kongo.

Ushauri huo una historia. Tarehe 25 Septemba 2013 DGM, idara yetu ya uhamiaji, ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na watu wa nje. Watoto zaidi ya elfu walikwama, wengine tayari wana hukumu na jina jipya, na vibali havikuanza kutoka kwa wingi hadi mwanzo wa 2016. Ndiyo maana kama mtoto unayemtaka si wa ukoo wako, ila umemwona kwenye picha ya kituo cha yatima na moyo umekwenda, ninakuomba utume ada ya shule kwanza na uulize maswali. Watoto wengi walio kwenye vituo hivyo wana mzazi hai, aliyewapeleka huko kwa sababu ya njaa.

Karatasi za nyumbani

Anza na cheti cha kuzaliwa. Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, unahitaji jugement supplétif, hukumu inayoziba pengo la cheti, na kwa mtoto unaipata kwenye tribunal pour enfants, mahakama ya watoto. Mahakama hiyo ilianzishwa na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na ndiyo pia inayosikiliza kesi za kuasili. Usisahau kuchukua certificat de non-appel, karatasi ya kuonyesha hakuna aliyekata rufaa, pamoja na hukumu. Bila hiyo, hukumu yako kwa macho ya wazungu bado inaweza kupingwa.

Vyeti vya kifo ndivyo vinavyowashinda wengi. Nyumbani tunazika, tunalia, tunamaliza matanga, na karatasi pekee iliyobaki ni kibali cha kuzikia, kimekunjwa ndani ya Biblia ya mtu. Baba wa binti yetu alikuwa amefariki miaka mitano kabla ya mama yake, na hakuna aliyekuwa ameandikisha kifo kwa bourgmestre, mkuu wa komini. Hapo nilifanya kosa langu. Commissionnaire mmoja, mtu wa kutafutia watu karatasi kwa malipo, aliniambia atanipatia cheti kwa mchana mmoja, nikamtumia dola 150. Cheti kilikuja kweli mchana uleule, kizuri, kinang'aa, kikisema marehemu alifia Kampemba. Rekodi ya hospitali ilisema Ruashi. Ofisa akaona, faili ikalala miezi saba, na nikalazimika kuandika barua ya kujieleza ambayo hadi leo sipendi kuisoma. Njia ndefu ya mahakamani ingechukua wiki chache.

Kisha majina. Sisi tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina la pili linaloifuata) na prénom (jina la kwanza). Fomu za Kanada zina nafasi mbili. Postnom utaiweka wapi? Fuata pasipoti, herufi kwa herufi, na uweke hivyohivyo kwenye kila fomu hadi mwisho, hata kama inaonekana vibaya. Pitia pia bulletin (ripoti) za shule na cheti cha ubatizo. Cha kwetu kilikuwa na "Tsh", bulletin ikawa na "Ch", na kwa kitu kidogo hicho tulihitaji kiapo cha kusema kwamba watoto hao wawili ni mmoja.

Usiende mahakamani wala ubalozini bila PV, yaani kumbukumbu ya maandishi, ya kikao cha familia, iliyosainiwa na watu wa upande wa baba vilevile. Ninarudia: upande wa baba. Sisi Wakatanga wengine tunahesabu ukoo kwa mama na tunadhani neno la mjomba limetosha. Baba mkubwa ambaye hakuitwa kwenye kikao ndiye atakayejitokeza wiki ya safari. Mwite mapema, mpe heshima yake, mnywe naye munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Mtoto mwenye miaka 14 na zaidi atatakiwa kutoa alama za vidole, na kwa hiyo panga tiketi ya Kinshasa, yeye na mtu mzima wa kumsindikiza. Siku ya kuondoka, DGM watataka kuona idhini ya kumtoa mtoto; ibebe nakala tatu. Na asikudanganye mtu kwamba ni rahisi kumpitisha Kasumbalesa kwa basi, apandie ndege Zambia. Kumvusha mtoto wa watu mpaka bila karatasi kuna jina lake kwenye sheria, na mpwa wako hatakuwa na namna ya kueleza.

Ninayoyasema ni ya Lubumbashi. Goma na Bukavu, tangu waasi wa M23 waingie Januari na Februari 2025, mambo ya mahakama na pasipoti yamekuwa mengine kabisa; ndugu zangu wa huko wanajua vizuri kuliko mimi.

Akishafika

Hapa ndipo nilipodhani kazi imekwisha.

Wiki ya kwanza, kila jioni, maji yalikuwa yakitiririka bafuni muda mrefu. Nikachungulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni anafua soksi na blauzi ya shule kwa mkono, kwa sabuni ya kuogea, kisha anazitundika kwenye chuma cha pazia la bafu, kama alivyofundishwa na mama yake: uniformi inafuliwa kila jioni. Nikamwambia kwa furaha, "Acha, mama, tuna mashine." Akaacha. Na siku hiyo hakula. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kazi ya mwisho aliyopewa na dada yangu. Nikaenda kununua sabuni ya mche kwenye duka la Waafrika, nikaiweka pale kwenye beseni, sikusema kitu. Alifua hivyo hadi Pasaka, kisha siku moja blauzi nikaikuta ndani ya mashine pamoja na nguo zetu.

Shuleni nako waliniita. Mwalimu alikuwa na wasiwasi: mtoto hamtazami usoni mtu mzima, pengine anaficha jambo. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto anayemkodolea mkubwa macho ndiye mwenye tatizo. Alielewa, lakini nenda wewe kwanza, wiki ya kwanza, kabla hawajakuita. Waambie pia kwamba Kifaransa cha shule ya Lubumbashi anakijua, anachohitaji ni Kiingereza, na kwamba kunyamaza kwake darasani si ujinga.

Kuhusu kuitwa mama: usiombe. Kiswahili kimeshatusaidia, yeye tayari ananiita mama mdogo, na hilo ni cheo kamili. Wazungu wakitafsiri "aunt", waache. Watoto wangu wawili niliowazaa walitaka kujua kama sasa ni dada yao au binamu yao. Nikawaambia kwa Kiswahili hakuna swali hilo. Wivu ulikuwepo hata hivyo, hasa kuhusu kiti cha mbele cha gari, na tuliumaliza kwa kalenda iliyobandikwa kwenye friji.

Chakula, usihangaike sana. Unga mweupe wa mahindi unapatikana, sombe (kisamvu) ya barafu inapatikana, kapenta (dagaa) unaweza kuagiza. Bukari (ugali) ya kwanza niliyompikia alionja, akasema polepole, "Mama mudogo, hii haijaiva." Alikuwa na haki. Siku hizi anaisonga yeye.

Baridi ilimtisha kuliko nilivyotarajia, hasa giza la saa kumi na moja jioni mwezi wa Desemba. Alilala na taa ikiwaka hadi Machi. Na msiba wake ulikuja kwa kuchelewa, karibu mwaka baada ya kufika, alipokuwa amekwisha kupata marafiki na mimi nimekwisha kustarehe. Akaanza kukasirika kwa vitu vidogo, akaacha kuchana nywele. Shule nyingi zina mshauri. Mwombe, na ukipata anayezungumza Kifaransa, bora zaidi. Lakini kilichomfungua mdomo ilikuwa kusukwa. Jumapili, saa tatu nzima, kichwa chake magotini pangu, hatutazamani. Hapo ndipo aliponiuliza mama yake alikuwa anavaa nini siku alipozikwa. Nilikuwa sijui, sikuwepo. Tukampigia nkambo.

Nkambo tunampigia kila Jumamosi saa mbili asubuhi ya hapa, ambayo wakati wa baridi ni saa kumi jioni ya kule. Saa hiyo umeme wa Katuba ukiwa haujakatwa, simu yake ina chaji. Mimi hununua megabaiti zake mwanzo wa mwezi, kama ninavyolipa kodi ya nyumba. Mara nyingi hawasemi jambo kubwa. Nkambo anamwonyesha mwembe wa uani, mtoto anamwonyesha theluji dirishani, na nkambo kila wiki anauliza kama ile nyeupe inalika.