Mkoba wa ukili: vipimo vyangu, kuanzia chane hadi mikono

Kila ninapoulizwa kipimo cha mkoba wangu wa sokoni, ulioshonwa kwa ukili, yaani mkanda wa majani yaliyosukwa, nilikuwa najibu kama alivyonijibu bibi yangu: "Kaa hapa utazame." Jibu hilo linamfaa aliye karibu nami. Aliye mbali anataka namba. Kwa hiyo safari hii nimekaa na rula, nikapima kazi ya mkono wangu tangu jani la kwanza mpaka mkono wa mwisho wa kushikia, na vipimo vyote viko hapa. Mkoba ukimalizika una upana wa sentimita 35 na kina cha sentimita 30. Unabeba nazi tatu, mboga na kilo mbili za mchele bila kulalamika.

Nitakaa sana kwenye chane, yaani vipande vyembamba vya jani lililochanwa. Mkoba mbaya hujionyesha kwenye mshono, na watu hulaumu sindano, lakini kasoro huwa imeshaingia siku ya kuchana. Chane zikiwa sawa, hata mkono wa mwanafunzi husuka ukili mzuri.

Malighafi

Mimi natumia ukindu, yaani majani ya mkindu, kwa sababu ni laini na hauchubui bega. Miyaa, majani ya mti mwingine wa jamii ya minazi, ambayo wengine huyaita milala, ni migumu zaidi. Inafaa majamvi na vikapu vya mizigo mizito, na ukiwa nayo peke yake mkoba huu utatoka vilevile, ila loweka muda mrefu zaidi.

Ukivuna mwenyewe, chukua kuti changa la katikati kabla halijafunguka. Mikindu huota kwa vichaka, shina kando ya shina, basi usikate vilele vyote vya kichaka kimoja. Chukua kwa shina moja, mengine uyaache yakue, mwakani utarudi. Na angalia miba ya chini ya kuti, ni mikali kuliko inavyoonekana.

Anika juani mpaka jani ligeuke jeupe, na kila jioni liingize ndani lisipigwe na umande. Jani lililolala nje hupata madoa ya kijivu ambayo rangi haiyafichi.

Vingine ni hivi: shazia (sindano kubwa ya kushonea ukili), uzi wa katani, mkasi, beseni, kitambaa kizito cha pamba, na kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, yenye unene wa kidole kidogo, mita moja na nusu.

Kuchana

Toa uti wa jani kwanza. Kisha lichane chane za milimita 6. Wazee wetu huchana kwa ukucha wa kidole gumba na macho yao ndiyo rula. Mimi nimepigilia sindano mbili kwenye kipande cha ubao, zikiachana milimita 6 kamili. Naweka jani juu ya ncha, nalibana kwa kidole, navuta kuelekea kwangu taratibu. Linatoka lina upana mmoja mwanzo mwisho. Ncha ya jani inapoanza kuwa nyembamba, kata, usiitie kazini. Inauma kutupa, najua, lakini chane nyembamba moja kati ya saba inapindisha ukili mzima kwenda upande wake.

Chane ngapi? Hapa ndipo wengi huishiwa katikati ya kazi. Chane husafiri kwa mshazari ndani ya ukili, kwa hiyo kila mita 1 ya ukili hula kama mita 1.4 ya kila chane. Tunahitaji ukili wa mita 8, na chane ni saba: hiyo ni karibu mita 79 za chane. Jani langu lina sentimita 35 hivi, na nikitoa sehemu ya kuungia hubaki sentimita 26. Gawanya, utapata chane 300 na ushei. Tayarisha 350.

Ukitaka rangi, tia sasa, kabla ya kusuka. Chemsha maji na rangi ya unga pamoja na kijiko cha chumvi, zamisha mafungu yaliyofungwa kwa ulegevu, geuza kwa nusu saa, suuza mpaka maji yatoke safi, anika kivulini. Bibi alipata rangi nyeusi kwa mizizi ya mdaa na ya njano kwa manjano ya jikoni. Manjano hupendeza sana, ila hufifia juani mapema.

Unyevu

Hili nimelijifunza kwa hasara. Mkoba wangu wa kwanza wa kuuza niliusuka chane zikiwa zimelowa chapachapa, kwa sababu zilikuwa laini na mkono ulikwenda mbio. Siku nne baadaye ukili ulikuwa na macho kila mahali, mwanga unapita. Jani likinywa maji hutanuka, likikauka husinyaa, na nafasi hubaki wazi. Mteja aliurudisha, na alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo sisuki chane zinazodondosha maji. Zipitishe kwenye maji dakika moja, kung'uta, zifunge ndani ya kitambaa kibichi kwa saa moja. Ikunje chane kwenye kidole: ikipinda bila kulia na bila kuacha maji kwenye ngozi, iko tayari. Toa ishirini ishirini, zilizobaki ziache kitambaani.

Kusuka

Anza na chane tatu zilizofungwa pamoja kwa uzi, mbili kushoto na moja kulia. Baada ya shibiri moja ongeza mbili, moja kila upande, ziwe tano. Baada ya shibiri nyingine ongeza mbili tena, ziwe saba. Mwanzo huu mwembamba unaozidi kupanuka una kazi yake, tutauona kwenye kushona.

Ukiwa na saba, nne ziko kushoto na tatu kulia. Chukua ya pembeni kabisa kushoto, ikunje, ipitishe juu ya ya pili, chini ya ya tatu, juu ya ya nne. Sasa imehamia kulia, na kulia ziko nne. Chukua ya pembeni kabisa kulia, ikunje, juu, chini, juu. Imehamia kushoto. Ni hivyo tu mpaka mwisho: daima ya pembeni, daima anza juu. Ukikuta umeanza chini, fumua mpaka hapo, kwa maana kosa hilo halijifichi.

Kunja ya pembeni ni mahali pa kutulia. Jani lilale bapa, uso uliokuwa juu uende chini, halafu kidole gumba kikandamize kunja hiyo kabla hujaivuta. Ukivuta kwanza, jani hujisokota na ukingo unatoka na manundu. Mwendo wa mkono ni kunja, kandamiza, pitisha, vuta kidogo. Utasikia sauti yake ikiwa sawa, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo.

Chane inapobaki na urefu wa vidole vinne, laza mpya juu yake na uzisuke pamoja kwa mapishano matatu, ncha zikitokeza upande mmoja tu wa ukili. Huo ndio utakaokuwa ndani ya mkoba. Usiunge chane mbili mahali pamoja, kwani hapo panakuwa panene na sindano inagoma.

Ukili wako uwe na upana wa sentimita 3, karibu nyanda mbili, yaani upana wa vidole viwili. Pima kila baada ya mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya vidole. Mita 8 zikikaribia, punguza chane mbilimbili, saba, tano, tatu, kama ulivyoanza. Kisha kata ncha zote zilizotokeza, na utundike ukili kivulini siku mbili.

Kushona

Zungusha ukili uwe duara lenye mzunguko wa sentimita 70, ukianza na ule mwanzo mwembamba. Raundi ya pili ikae kando ya ya kwanza, ukingo kwa ukingo, bila kupandana. Kwa sababu mwanzo ulikuwa mwembamba, ukili unapanda wenyewe bila kuacha ngazi. Shazia ishike kunja moja huku, kunja moja kule, na uzi uvutwe mpaka kingo zigusane, basi. Ukikaza zaidi ya hapo mkoba unajikunja kiuno. Pima mzunguko kila raundi, sentimita 70, kwa sababu mkono ukichoka hubana bila mwenyewe kujua.

Raundi kumi zinatoa kina cha sentimita 30. Geuza ndani nje, laza bapa, shona chini mara mbili kwa uzi wa katani uliokunjwa. Anayependa mkoba wenye kitako abane kila pembe ya chini iwe pembetatu, ashone mshono wa kuivuka pembe wenye urefu wa sentimita 8, ingawa kina kitapungua sentimita 4.

Mikono

Kata kamba ya usumba vipande viwili vya sentimita 75. Ivingirishe kila kipande kwa chane zilizobaki, ukiacha sentimita 12 kila mwisho. Miisho hiyo ishuke ndani ya mkoba na kushonewa kwenye raundi nne za juu. Mkono ulioshikwa kwenye raundi ya juu peke yake hung'oka na ukili wake.

Kabla hujaubeba, tia ndani kilo 3 za mchele, uutundike msumarini usiku kucha. Asubuhi pitisha kidole kwenye mshono wa chini. Panapolegea, rudia hapo hapo, mchele ukiwa bado ndani, maana ukishautoa hutapaona tena.