Namna ya Kurekodi Matatizo ya Baada ya Upasuaji wa Tumbo kwa Ajili ya Utafiti

Anayetaka kujua kama upasuaji wa tumbo unafanyika kwa usalama hospitalini kwake hana budi kuamua mambo mawili kabla ya kufungua faili la kwanza: nini kitahesabiwa kuwa tatizo, na mgonjwa atafuatiliwa hadi siku ya ngapi.

Muda uliozoeleka ni siku 30 tangu siku ya upasuaji, wala si tangu mgonjwa aliporuhusiwa. Utafiti uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 kuhusu upasuaji wa aina mbalimbali, si wa tumbo pekee, ulikuta wagonjwa wapatao 18 katika kila 100 wakipata tatizo, na maambukizi ndiyo yaliyoongoza. Hata hivyo ulihesabu yaliyotokea wodini tu, ilhali kidonda aghalabu huanza kutoa usaha mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Kwa hiyo chukua namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu anayemuuguza, kisha uulize kwa maneno ya kawaida: je, mshono umefumuka, unatoa majimaji, umepewa antibayotiki kwingine, umelazwa tena? Asiyepatikana aandikwe kuwa hakupatikana. Kumwandika kuwa hana tatizo ni kuipamba hospitali.

Kila tatizo lipewe daraja kwa kipimo cha madaktari wa upasuaji Clavien na Dindo, kilichochapishwa mwaka 2004, ambacho hakiulizi daktari ameshtuka kiasi gani bali tiba gani ilihitajika. Daraja la I ni mabadiliko yasiyohitaji zaidi ya dawa za maumivu, homa, kichefuchefu na mfano wa hizo, na hapo huingia pia kidonda kilichofunguliwa na kusafishwa kitandani. La II ni dawa nyinginezo, kama antibayotiki, au kuongezewa damu. La III ni kurudishwa kwa upasuaji, endoskopi (kuingiza kamera mwilini kwa mrija) au utaratibu unaoongozwa na picha. La IV ni hatari kwa maisha inayohitaji uangalizi wa wagonjwa mahututi. La V ni kifo.

Daraja la III ndilo linalohitaji uangalifu zaidi katika mazingira yetu, kwani hugawanywa kuwa IIIa, bila nusukaputi, na IIIb, kwa nusukaputi. Jipu la ndani ya tumbo ambalo kwingine lingenyonywa kwa sindano ikiongozwa na ultrasaundi huku mgonjwa akiwa macho, katika hospitali ya wilaya isiyo na mtaalamu wa kazi hiyo litamrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji, naye atahesabiwa IIIb. Ugonjwa ni uleule, daraja limepanda. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyestahili kitanda cha mahututi akakikosa anaweza kuonekana nafuu kuliko alivyokuwa. Pamoja na daraja, basi, andika tiba iliyohitajika na iliyopatikana, la sivyo ulinganisho wa hospitali mbili hautakuwa na maana.

Kwa upasuaji wa kupunguza uzito, siku 30 hazitoshi. Kuvuja kwa mstari wa pini zilizofunga mfuko wa chakula hujulikana mapema, lakini ngiri ya ndani (utumbo kupenya na kunaswa ndani ya tumbo), kidonda cha pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, na upungufu wa vitamini huweza kuja baada ya miezi au miaka. Katika jaribio la Uswisi lililotoa matokeo ya miaka 5 mwaka 2018, kupungua uzito hakukutofautiana sana kati ya waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula na waliochepushiwa utumbo; ila miongoni mwa waliokuwa na kiungulia cha tindikali kabla ya upasuaji, kilizidi kwa asilimia 31.8 ya wagonjwa wa kundi la kwanza dhidi ya 6.3 ya wa kundi la pili. Aliyeishia kliniki ya mwezi mmoja asingeliona hilo.

Mwisho, daraja litolewe na watu wawili, kila mmoja peke yake, wala asiwepo aliyempasua mgonjwa huyo. Wakitofautiana, wa tatu asome faili na kuamua, na tofauti hiyo iripotiwe pamoja na matokeo.