Somo: Kukagua lambo la kijiji kabla mvua hazijaanza

Salaam wanajukwaa. Naandika kutoka Igunga, na somo hili nimelileta Oktoba kwa makusudi. Tabora mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili. Sasa hivi maji yamepungua, tuta liko uchi na kila ufa unaonekana. Nyasi zikishaota, hutaona kitu.

Lambo tunalijua kwa ng'ombe na ndoo, ila lina kazi ya pili: kupokea maji yanayoshuka kwa mkupuo na kuyaachia polepole. Piga hesabu. Mvua ya milimita 60 ikinyesha kwenye eneo la kilomita za mraba 10, ni mita za ujazo 600,000. Theluthi yake tu ikitiririka, lambo linapokea 200,000, na kila moja ina uzito wa tani. Nafasi iliyo tupu ndiyo inayokinga majaruba ya mpunga kule chini. Lambo likishajaa, kinachookoa tuta ni utoro wa maji, yaani njia iliyoachwa ili maji ya ziada yatoke bila kupita juu ya tuta.

Hatua ya 1: Utoro. Anzia hapa, usianzie kwenye tuta. Ondoa vichaka, magogo, uzio wa miiba, udongo uliomwagika. Na viroba. Kijijini kwetu mwaka mmoja tulikubaliana kupanga viroba vya mchanga kwenye utoro ili maji yatufikishe Septemba. Nami nilibeba. Usiku mmoja wa Januari maji yakapanda, yakatafuta pa kutokea, yakapapata pale ng'ombe wanapovukia tuta, mahali palipochimbika kwa kwato. Nilipofika na tochi, yalikuwa yanavuka kwa upana wa viganja viwili tu. Lakini upande wa nyuma, kila yaliposhuka yalikuwa yanabeba udongo. Tulipomaliza kung'oa viroba utoroni na kuvikimbiza pale penye njia ya ng'ombe, mfereji ulikuwa umeshafika magotini. Tuta lilipona. Majaruba yaliyo chini yake ni ya jirani zangu, na usiku ule walikuwa wamelala.

Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Hiyo ni mojawapo ya sababu kuu zinazobomoa mabwawa ya udongo popote duniani. Anayeziba utoro ili apate maji zaidi analiweka lambo zima rehani.

Hatua ya 2: Kimo cha tuta. Toka usawa wa kizingiti cha utoro, pale maji yanapoanza kutoka, hadi mahali palipo chini kabisa juu ya tuta, iwepo angalau mita moja. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, usiamini jicho. Tuta hutitia zaidi pale lilipo refu, yaani katikati, palepale panapopokea maji mengi. Palipobonyea, kwangua nyasi kwanza, jaza udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15, lowanisha na ushindilie kila tabaka.

Hatua ya 3: Nyufa, matundu na miti. Udongo wetu wa mbuga hupasuka kiangazi. Ufa unaokwenda sambamba na tuta uufuatilie. Unaolikata tuta kutoka upande wa maji hadi nyuma usilale nao. Chimba hadi mwisho wake, kisha jaza kwa kushindilia. Vichuguu na mashimo ya panya fanya hivyohivyo.

Hatua ya 4: Nyuma ya tuta. Hii ni ya wakati wa mvua. Tembea chini ya tuta kila asubuhi baada ya mvua kubwa, ukitafuta majimaji. Chota kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Tope likituama chini, maji yanakula tuta kutoka ndani.

Hatua ya 5: Watu wa chini. Andika namba za simu za kila kaya iliyo bondeni, na mkubaliane kilima cha kukimbilia. Mei 2018 kule Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shambani lilibomoka usiku na kuua zaidi ya watu 40.

MASWALI

Mwanachama, Nzega: Mkuu, lambo likishajaa si halina kazi tena kwenye mafuriko?

Bado lina kazi. Lenye uso wa hekta 8, kila sentimita 10 maji yanapopanda juu ya kizingiti linashika mita za ujazo 8,000. Yanayotoka utoroni hutoka taratibu kuliko yanavyoingia. Ila kinga hiyo ni ndogo kuliko ya lambo lenye nafasi.

Mwanachama, Sikonge: Letu linavuja miaka yote, maji meupe. Tuhofu?

Maji safi yasiyoongezeka si balaa. Yaelekeze kwenye mfereji mdogo, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde kwa simu, andika daftarini pamoja na kimo cha maji lamboni. Yakianza kujaza ndoo kwa nusu ya muda wa zamani na kimo hakijabadilika, ita mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Mwanachama, Urambo: Shikamoo mzee. Nikikuta maji ya tope yanabubujika nyuma ya tuta, nizibe kwa mfinyanzi?

Marahaba mwanangu. Usizibe, yatatokea pengine kwa nguvu zaidi. Kwanza piga simu watu wa bondeni waondoke. Kisha, kama pako salama kusimama, mwaga mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe: maji yapite, udongo ubaki. Na fungueni bomba la kutolea maji ili kimo kishuke.

Mwanachama, Igunga: Tumepanda miembe kwenye tuta ili ilishike. Imekosea nini?

Mizizi yake. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija ndani ya tuta. Midogo ing'oeni sasa. Mikubwa msiiguse bila mhandisi, kisiki kikitoka vibaya kinaacha shimo. Tuta hushikwa na ukoka.

Mwanachama, Uyui: Na ng'ombe je? Wafugaji wetu hawana njia nyingine.

Sisi tulijenga mbauti, birika la kunyweshea mifugo, chini ya lambo, maji yanafika kwa bomba, tukazungushia tuta minyaa. Pale palipobaki njia moja ya kuvukia tulipanga mawe bapa, tukayapandisha kimo kuliko tuta lenyewe.