Maksai akigoma kwenye plau, angalia hewa na damu kabla ya kushika fimbo

Wafugaji wenzangu wa Mbozi, Usangu, Isimani na kote mnakolima kwa ng'ombe, mvua za Novemba zikishika kila mtu anakimbizana na shamba, na hapo ndipo maksai wanapoteseka sana. Ng'ombe akisimama katikati ya tuta watu wanasema mvivu huyu, fimbo inafuata. Mara nyingi siyo uvivu, ni misuli imekosa oksijeni.

Iko hivi. Msuli unapovuta plau unaunguza chakula kwa kutumia oksijeni, na oksijeni inaletwa na damu. Ng'ombe akianza kazi, tezi ndogo zilizo karibu na figo zinamwaga homoni ya adrenalini, moyo unaenda mbio, mishipa ya damu ya tumboni inabana, na ile ya kwenye misuli inatanuka maana msuli wenyewe ukifanya kazi unatoa kabonidaioksaidi na joto vinavyoifungua. Ndo maana ng'ombe aliyetoka kushiba sasa hivi usimfunge nira, tumbo nalo linataka damu yake ya kusaga chakula. Mwache acheue kwanza.

Sasa fimbo na makelele. Ukimchapa adrenalini inapanda ghafla na kweli anavuta kwa nguvu, ila ile nguvu anaitoa kwenye akiba ya sukari ya msuli bila oksijeni ya kutosha, asidi inajaa, baada ya mizunguko michache amekwisha kabisa afu wewe unaona kama anakudharau. Na anayeishi kwa hofu kila siku mwili wake unatoa kortiso muda wote, hiyo homoni inakula nyama ya misuli yenyewe, utamlisha pumba na mashudu na bado mgongo umechongoka. Mimi nasema wazi, mwendeshaji mpole anayemwita ng'ombe kwa jina analima zaidi kuliko mwenye mjeledi.

Jua nalo usilichezee. Saa sita mchana ngozi inataka damu nyingi ili kutoa joto, na msuli unaitaka damu hiyohiyo, kwa hiyo anza alfajiri, fungua nira saa nne au saa tano, jioni urudi kidogo kama lazima. Katikati simama kivulini, angalia ubavu unavyopanda na kushuka, ng'ombe mkubwa aliyetulia anapumua kama mara 15 mpaka 35 kwa dakika, ukiona amepumzika vizuri tu na bado anahema juu juu, mdomo wazi, ulimi nje, mate yanachuruzika, siku hiyo kazi imeisha, mpe maji na mpeleke nyumbani taratibu.

Kuna kitu watu wanasahau kabisa, damu yenyewe. Mishipa inaweza kutanuka vizuri ila kama damu ni nyepesi haibebi kitu. Vuta kope ya chini ya jicho taratibu, ndani panatakiwa pawe na rangi ya waridi, pakiwa peupe kama karatasi huyo ana upungufu wa damu, na huku kwetu sababu zinajulikana: minyoo, minyoo bapa ya ini kwa wanaochunga mabondeni Usangu, na ndigana baridi inayoletwa na kupe. Mwite mtaalamu wa mifugo apime, usinunue sindano dukani kwa kubahatisha. Na aliyepona ndigana usimrudishe kwenye nira wiki ileile, chembe za damu zinachukua muda kujengeka upya, angalia kope tena kwanza.

La mwisho ni madini joto. Tezi ya shingoni inatoa homoni ya thairoksini inayoamua mwili utumie oksijeni kwa kasi gani, na haitengenezeki bila madini joto, ambayo udongo wa nyanda za juu kusini unayo kidogo, rovu kwa watu tunaijua toka zamani. Ng'ombe akikosa anakuwa mzito mzito, ndama wanazaliwa dhaifu wengine shingo imevimba. Weka jiwe la chumvi lenye madini joto zizini mwaka mzima, na wale mnaolisha mabaki ya kabichi kila siku, punguzeni, changanyeni na mabua na nyasi, maana kabichi nyingi inaizuia ile tezi isitumie hata hayo madini kidogo yaliyopo.