Jina la ukoo ni la nadra? Fuatilia hivi (mfano: Mazrui)

Wengi wakitaka kujua jina lao limetoka wapi wanakimbilia Uarabuni moja kwa moja, mi nasema anza na wazee wako hapa hapa. Kaa na bibi, washa simu irekodi, muulize babake ni nani bin nani bin nani mpaka achoke, usimkatize hata akirukaruka, na kila jina muulize huyo kazikwa wapi. Hilo la kaburi usiliache kabisa, manake kina Salim bin Rashid wako wengi mno na bila mji huwezi kujua ni yupi.

Chukua Wamazrui. Asili Oman, walikua maliwali wa Mombasa baada ya Mreno kutolewa Fort Jesus 1698, wakaja wakajitawala wenyewe mpaka 1837 Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowavunja, waliosalimika wengine wakashika njia ya kaskazini Takaungu, wengine kusini Gasi. Kwa hiyo Mmazrui wa Kenya swali la kwanza ni hilo, Takaungu au Gasi? Na kama ndugu zenu wako Tanzania bara angalia 1896, mwaka huo Mbaruk bin Rashid wa Gasi alizidiwa na Waingereza akavuka mpaka na watu wake kwa Wajerumani. Pemba nayo usiisahau, Wamazrui waliitawala kabla hawajanyang'anywa.

Ukisachi mtandaoni jaribu kila tahajia: Mazrui, El-Mazrui, Al Mazrui, na kwa watu wa Emirates utakuta Mazrouei.

Makaratasi yapo, Nyaraka za Taifa Nairobi na zile za Zanzibar. Tafuta hati za wakfu, ndoa za kwa kadhi, na madai ya mashamba ya pwani ya Kenya baada ya sheria ya ardhi ya 1908, hapo watu walitaja baba na babu ili wapewe haki yao. Nyingi za zamani ni khati ya Kiarabu, nenda na mtu anayeisoma.

Kitu kingine wengi wanakificha na inaniuma: pwani watumwa walioachwa huru wengine walibaki na jina la ukoo wa bwana wao. Ukiwakuta waandike na majina yao kamili, watoto wao nao wanatafuta kama wewe.

Ukishachora mti wako, kabla hujauposti toa majina ya walio hai, au waombe ruhusa kwanza.